Taya limefungwa waya, tumbo halijafungwa

Kwenye safu hii huwa najibu mchanganyiko, presha, watoto wanaosusa chakula, vidonda vya tumbo, lakini mwezi huu hivyo vyote nimevisogeza pembeni kwa sababu zimekuja jumbe nne karibu kwa mpigo na zote zinahusu taya. Anayeishi Dodoma hashangai. Bodaboda ni nyingi, barabara zimekuwa nzuri na spidi nayo imepanda, kofia ngumu wengi wanaiweka kwenye tenki la mafuta badala ya kichwani, na hata anayeivaa zile nyingi hazifuniki kidevu, kwa hiyo mtu akienda chini kifudifudi kinachopokea lami ni taya. Hospitali wanamaliza kazi yao vizuri tu, wanaunga mfupa, wanafunga waya, halafu mgonjwa anarudishwa nyumbani na hapo ndo kazi ya jikoni inaanza, na jikoni hakuna aliyefundishwa.

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Nkuhungu nimepanga chumba kimoja, naishi na mdogo wangu wa kiume ana miaka 24 ni dereva boda. Alipata ajali akavunjika taya la chini sehemu mbili, wamemfunga waya meno ya juu na ya chini yani mdomo haufunguki kabisa, wamesema wiki sita. Leo ni siku ya 11. Nampa uji asubuhi mchana na jioni, nampa supu ya kongoro maana wanasema inaunga mfupa, na juisi. Lakini dada anaisha, suruali zinamvuka, usiku ananiamsha ananionyesha tumbo, njaa. Siku hizi hata kuniandikia kwenye simu hataki kanuna tu. Blenda sina. Nimpe nini jamani? (Dada mtu, Nkuhungu)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na hongera kwa kumuuguza. Hakuna ulichokosea kwa makusudi, unafanya kile ambacho karibu kila nyumba inafanya. Mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo. Mume wangu alifungwa waya wiki sita, tulitoka hospitali na karatasi imeandikwa maneno mawili tu, chakula kimiminika, basi nikapika uji mwepesi upite, akawa anashiba maji, wiki ya tatu tukampima kapungua kilo 7. Na mimi lishe ndo kazi yangu! Ndo maana barua yako nimeisoma nimekaa chini.

Tatizo liko hivi. Huyo kijana tumbo lake halijafungwa, lina nafasi ileile, ila kila unachomimina kinajaza nafasi bila kubeba kitu. Chukua uji wako wa kawaida, unga vijiko viwili vya chakula, maji, sukari vijiko viwili vya chai, kikombe kizima hicho kina kalori kama 100 hivi. Mwanaume wa umri wake anahitaji kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku, na sasa hivi mwili unajenga mfupa kwa hiyo hauwezi kupewa pungufu. Angekunywa vikombe 20 ndo kwanza angegusa hiyo 2,000. Protini ndo mbaya zaidi, hapo ipo kidogo mno, na bila protini mwili unaanza kula nyama yake mwenyewe, mapaja na mabega, ndo hiyo suruali unayoiona inavuka.

Kwa hiyo kuanzia leo usimwongezee vikombe, ongeza kilichomo ndani ya kikombe.

Na hapa kuna kitu mabibi zetu wa huku Ugogoni wanakijua siku zote sema wanakitumia kwenye pombe, kimea. Ukipika uji mzito wenye chakula ndani haupiti kwenye waya, ukiuzimua na maji upite chakula kinapotea, sasa kimea kinakutoa hapo katikati. Chukua ulezi, uoshe, uloweke usiku mmoja, mwaga maji, ufunike na kitambaa kibichi siku mbili au tatu ukiwa unanyunyizia maji, utaona umetoa vijimizizi vyeupe. Anika juani, jua la Dodoma halina shida hapo, ukikauka usugue kwenye ungo mizizi itoke, peleka mashineni usage. Sasa pika uji wako mzito ule wa mwiko kusimama, epua, uache upoe kidogo, usiwe unachemka maana moto mkali unaua vile vimeng'enya vya kimea vinavyokata wanga, tia kijiko kimoja cha chakula cha kimea ukoroge. Utaona kwa macho yako, kama dakika tano hivi, uji unaanza kulegea, mwiko unakuwa mwepesi mkononi, ukiuinua uji unatiririka kama mtindi uliotikiswa na hujaongeza hata tone la maji. Wanga umekatwakatwa lakini chakula chote bado kimo. Rudisha jikoni uchemke tena kuua vijidudu, hapo umemaliza. Tumia ulezi tafadhali, mtama ukiota machipukizi yake yana sumu, unahitaji umakini zaidi, huna sababu ya kujitafutia hayo wakati unauguza.

Bakuli lenyewe liwe hivi: unga wa ulezi au wa uwele gramu 50 ambayo ni kama vijiko vitano vya chakula, maziwa robo lita badala ya maji (ongeza maji kidogo ukiona inabidi), karanga zilizokaangwa na kusagwa laini mpaka zimetoa mafuta vijiko viwili, na mafuta ya alizeti kijiko kimoja, yale yale unayokaangia mboga. Hapo una zaidi ya kalori 600 na protini karibu gramu 19. Linganisha na ule wa 100. Mafuta peke yake kijiko kimoja kina kalori 120 na wala hayasikiki ukiyakoroga vizuri, kwa hiyo hata siku ambayo maziwa hamna usikose mafuta. Yai nalo ni rafiki, lipige kwenye kikombe mpaka lisiwe na uzi, mimina kidogokidogo kwenye uji unaochemka huku unakoroga haraka, acha uchemke tena dakika mbili, unapata gramu 6 za protini. Yai bichi usimpe hata kama jirani kakwambia linaleta nguvu, bichi lina vijidudu, na mtu aliyefungwa mdomo akianza kutapika ni hatari, nitaeleza huko chini.

Karanga chagua kwa mkono. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au chungu tupa, usiseme nitakaanga zitakuwa sawa, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haifi kwa moto wa jikoni. Sisi wa mikoa hii hatuhitaji kuhadithiwa, mwaka 2016 iliua watu hapahapa Dodoma na Manyara, ile ilikuwa kwenye mahindi lakini karanga nazo zinaipata kirahisi sana.

Supu ya kongoro. Najua hapa nitagombana na watu. Supu ya mifupa ni tamu, ina maji na chumvi, inamchangamsha mgonjwa, lakini mfupa wa ng'ombe hauhami kwenda kwenye taya la mtu. Protini inayojenga ipo kwenye nyama yenyewe, na nyumba nyingi ninazoingia mgonjwa anapewa maji halafu nyama wanakula wauguzaji. Igeuze. Chukua nyama laini, au kuku, au sato asiye na miba, au ini mara moja kwa wiki, chemsha mpaka ilainike kabisa, isage na supu yake pamoja na kiazi mviringo na karoti, chuja, tia mafuta, mpe. Nyama robo kilo ukiigawa siku mbili inatosha kabisa. Kwa siku akipata bakuli tatu za ule uji na mbili za supu ya namna hii anafika kwenye kalori 2,000 na ushee na protini zaidi ya gramu 70, na mtu wa kilo 60 anayeunga mfupa anahitaji kama 72 hadi 90, kwa hiyo ongeza lile yai na mtindi glasi moja umefika.

Blenda usijali. Kinu kipo kwa jirani yeyote. Twanga nyama iliyoiva sana kwenye kinu na supu kidogo, inakuwa kama rojo, halafu pitisha kwenye chujio la chai lile la matundu madogo ukikandamiza na mgongo wa kijiko, linalobaki juu rudisha kinuni. Ni kazi, mkono unauma, sikudanganyi. Dagaa pia ni wazuri na bei yake sio ya nyama, pale soko la Majengo wapo wengi, toa vichwa, osha mchanga, kausha, kaanga bila mafuta, twanga wawe vumbi kabisa, chekecha kwa kitambaa chepesi, kijiko kimoja kwenye supu. Wana protini na madini ya chokaa mengi kwa sababu mtu anakula na mifupa yao.

Ratiba iwe kila baada ya saa mbili au tatu, kidogokidogo, mara sita au saba kwa siku, sio mara tatu kama mtu mzima wa kawaida. Kile cha saa nne usiku usikiruke, ndo kitamfanya alale asikuamshe. Kama imetokea alikaa siku tano au zaidi hajaingiza kitu cha maana mdomoni usimwanzishie kwa kishindo siku moja, mpeleke aonwe kwanza, mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla unaweza kuleta matatizo ya moyo.

Namna ya kumnywesha. Nenda famasi uliza sirinji kubwa ya kulishia, ya mililita 50 au 60, isiyo na sindano, mwambie muuzaji unataka ile yenye mdomo mrefu. Akae wima, asilale. Ingiza ncha pembeni ndani ya shavu, sukuma taratibu, chakula kitapita kwenye mianya ya meno na nyuma ya gego la mwisho huko ndani kuna nafasi ambayo watu wengi hawaijui, kama ana pengo ndo raha zaidi. Mrija wa juisi wengine wanaruhusiwa wengine hapana, inategemea alivyoshonwa, uliza waliomfanyia oparesheni. Na kabla hujasukuma dondoshea kidogo kwenye mkono wako wa ndani, pale kwenye kifundo, usikie joto. Taya likivunjika mshipa wa fahamu nao unaweza kuumia, mdomo wa chini na kidevu vinakuwa na ganzi, mtu anaungua na hajui mpaka uone malengelenge.

Kila akimaliza asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, na mswaki mdogo wa mtoto apitishe kwenye waya kwa nje. Maziwa na uji vikikaa kwenye waya meno yanaweza kuanza kuoza ndani ya hizohizo wiki sita. Juisi na soda ndo maana sizipendi kwake, zinampa sukari, zinaharibu meno, na zinachukua nafasi ya bakuli la uji. Zabibu zetu ni tamu kweli, glasi moja ya juisi yake iliyochujwa kwa siku sio mbaya, ila sio chakula.

Jingine ni koleo la kukatia waya. Liwepo pale alipo, mchana na usiku, linaning'inia au lipo mfukoni, na kliniki ijayo wakuonyesheni wewe na yeye waya zipi za kukata. Akisikia kichefuchefu ainame mbele kichwa chini, asilale chali, anachokunywa ni maji kwa hiyo kitatoka chenyewe kwenye mianya na puani, mara nyingi haihitaji kukata kitu. Kukata ni pale anaposhindwa kupumua. Pombe asiguse kabisa hadi waya zitoke, na sigara kama anavuta aache, mfupa wa mvutaji unachelewa kuunga.

Mpime kilo kila wiki siku ileile, mizani famasi nyingi wanayo. Akipoteza zaidi ya kilo 3 ndani ya mwezi, ikiwa alianza na 60, mrudishe msisubiri tarehe. Mrudishe pia akipata homa, usaha, harufu mbaya isiyoisha hata akisukutua, waya zimelegea taya linacheza, au mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi kwa sababu maji hayatoshi.

Kuhusu kununa. Mtu wa miaka 24 amekaa siku 11 bila kutafuna, bila kuongea, bila kazi, wenzake kijiweni wanapiga stori yeye yupo ndani anasikia harufu ya chapati za jirani. Hiyo ni huzuni na ina haki yake. Njaa nayo inaongeza hasira, utaona akianza kula vizuri siku ya tatu ya nne uso unabadilika. Mwache achague yeye ladha, siku hii iliki, siku nyingine tangawizi, supu itiwe kitunguu saumu na ndimu. Mume wangu siku ya kwanza aliyotabasamu ni siku niliyompikia mchuzi wa njegere wa nazi nikauchuja, akaandika kwenye karatasi, hiki ndo chakula. Ile karatasi ninayo hadi leo.

SWALI: Mke wangu kafanyiwa oparesheni ya taya hajafungwa waya ila kaambiwa vitu vya kunywa wiki mbili. Maziwa yakimgusa tu tumbo linaunguruma anaharisha, nikiyaacha hapati choo siku tano sita. Nimechanganyikiwa. (Baba wa wawili, Kibaigwa)

JIBU: Pole kaka. Haya ni mambo mawili tofauti yamekutana.

Maziwa freshi watu wengi wazima tumbo linayakataa, ile sukari yake haisagiki. Mpe mtindi, sukari hiyo sehemu yake imeshaliwa na bakteria wa mtindi, anza nusu kikombe uone. Ila maziwa yawe yamechemshwa kabla ya kugandishwa, najua kwa wafugaji watu wanapenda yale ya moja kwa moja toka kwa ng'ombe lakini yanabeba ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo ambao kwa binadamu unaleta homa zisizoisha na maumivu ya viungo, na kifua kikuu nacho kinapita humo. Mtindi ukigoma, tumia karanga na unga wa soya uliokaangwa kabla ya kusagwa.

Choo kinakosekana kwa sababu chakula cha kuchuja hakina makapi, maji anakunywa kidogo kwa kuogopa kidonda, na angalia dawa zake za maumivu, tramadoli na kodeini zinafunga choo sana, vidonge vya damu pia. Maji yafike lita mbili kwa siku. Ubuyu tunao bwerere, loweka unga wake kwenye maji ya uvuguvugu, koroga, chuja, mpe asubuhi, na usiupike kwa sababu vitamini C inapotea kwenye moto, usiuchanganye na maziwa freshi yatakatika. Papai lililoiva lisage na maji likiwa laini. Na atembee, hata kuzunguka nyumba mara kumi. Zikifika siku saba au tumbo likivimba likawa gumu nendeni kituo cha afya, msimpe dawa za kuharishisha za mtaani.

SWALI: Mama yangu yuko Kondoa ana miaka 61, ana kisukari, ametolewa uvimbe wa taya wakaweka vyuma. Hawezi kutafuna. Nikimpa uji sukari inapanda hadi 16, nikipunguza chakula juzi alitetemeka akatoka jasho tukadhani anakufa. Dawa zake za sukari anaendelea nazo kama kawaida. (Binti yake)

JIBU: Pole binti, na mama mpe pole yangu. Kilichotokea juzi naona kama sukari ilishuka, na ndo kinachonitisha kuliko hiyo 16. Dawa zilipangwa kwa mtu anayekula ugali na maharage, sasa anakula nusu yake na dawa ni zilezile. Usimwachishe dawa wewe, wala usisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni kesho na daftari la vipimo wapange dozi upya kulingana na anachokula sasa. Akitetemeka tena na kipimo kikionyesha chini ya 4, au kipimo hakipo kabisa, mpe sukari vijiko vitatu vinne vya chai kwenye nusu glasi ya maji anywe palepale, pima baada ya dakika 15, halafu apate uji. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali.

Chakula chochote kilichosagwa na kuwa kimiminika kinaingia kwenye damu haraka kuliko kikiwa kigumu. Kwa hiyo uji wake uwe na unga kidogo, vijiko viwili vitatu, usiokobolewa, hasa wa uwele au mtama, na karanga, yai na mafuta ziwe nyingi zaidi, sukari asali na juisi hapana. Kimea nilichomsifia dada wa Nkuhungu wewe usitumie, kile kinageuza wanga kuwa sukari mapema. Mtindi usiotiwa sukari, supu ya samaki iliyosagwa, parachichi lililopondwa na maziwa kidogo, hilo parachichi ni zuri sana kwake, lina mafuta mazuri na halipandishi sukari kihivyo. Mpe kiasi kilekile saa zilezile kila siku. Sukari yake ikitulia kidonda nacho kitapona, ikikaa juu kidonda kinachelewa na kinaingia vijidudu kirahisi.

SWALI: Dada mambo. Mimi waya zimetolewa juzi baada ya wiki tano na nusu. Jumamosi washkaji wanaenda mnada wa Msalato, nyama choma. Nimeikosa mwezi na nusu. Naweza kula hata kidogo? Mdomo wenyewe unafunguka kidogo sana vidole havipiti. (Kaka wa Ihumwa)

JIBU: Poa kaka, hongera kwa kumaliza wiki hizo, sio mchezo. Nyama choma hapana. Waya kutoka maana yake mfupa umeshika, haijawa na nguvu zake zote, na misuli ya kutafuna imelala mwezi mzima na nusu. Ukivuta mshikaki kwa meno sasa hivi unaweza kurudi ulikotoka. Mara nyingi vitu vigumu vinaruhusiwa miezi miwili hadi mitatu toka siku ya kuvunjika, na anayesema ndiyo ni dokta wako baada ya kukushika taya na kuangalia picha, sio mimi wala washkaji. Kwa hiyo mahindi ya kuchoma, miwa, karanga nzima, nyama ya kuvuta, vyote hivyo visubiri.

Huo mdomo kutofunguka ni kawaida siku za mwanzo, lengo ni vidole vitatu vipite vikiwa vimesimama, viwe vidole vyako mwenyewe. Fungua taratibu mpaka pale unapovuta, shikilia kidogo, achia, rudia mara kadhaa kwa siku kama ulivyoelekezwa, na kitambaa cha maji ya moto shavuni kabla ya kuanza kinasaidia. Usilazimishe kwa kijiko au mti.

Chakula chako wiki hizi kipimo chake ni rahisi, kama huwezi kukiponda kwa ulimi kwenye kaakaa bado sio chako. Ndizi zilizopikwa bokoboko, viazi vya kuponda, mayai ya kuvuruga, wali laini wa majimaji, sato. Na kama wewe ni wa hukuhuku una bahati kuliko mgonjwa wa mkoa wowote, ugali laini wa uwele kwa mlenda wa karanga unateleza wenyewe, hautafuni kitu, unamega tonge dogo unameza. Mlenda upikwe na karanga za kutosha isiwe maji na magadi tu.

Jumamosi nenda Msalato kaka, usikae nyumbani peke yako. Beba chupa yako ya uji wa moto, na wakati wenzako wanachagua paja la mbuzi nunua na wewe nusu kilo ya sehemu ya laini isiyo na mishipa, mbichi, urudi nayo, wakusagie buchani mara mbili kwenye mashine, halafu nyumbani pika kwa nyanya na kitunguu moto mdogo mpaka iwe rojo, ule kwa kijiko kidogo cha chai, ukitafuna upande ambao haukuvunjika.